Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Dawati la Mikopo: Tuletee Wapagazi

Kanyenye,
Tabora.

Mheshimiwa Mkuu wa Dawati,

YAH: MAOMBI YA MSAFARA WA WAPAGAZI KUTOKA GHOROFA YA PILI HADI CHINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Natumaini barua hii itakukuta ofisini, ingawa najua natumaini makubwa. Mimi ni mwanafunzi wako wa Shahada ya Fedha, anayeingia mwaka wa tatu, yule ambaye kidole chake hakisomi. Jina la chuo nalihifadhi, maana nikilitaja wenzangu wa vyuo vingine watalalamika kwamba nimewapora dawati lao.

Jambo lenyewe unalijua. Kila muhula fedha ya mkopo inaingia chuoni. Tunajua imeingia kwa sababu wenzetu wa chuo cha jirani wameshaanza kula chipsi kuku. Tunakuja dirishani, tunakuta karatasi yenye muhuri: subirini utaratibu. Wiki inapita, karatasi inapigwa muhuri wa pili. Kisha majina yanabandikwa nusu, nusu nyingine iko kwenye awamu, na awamu ipi haikuandikwa. Siku yangu ikifika, mashine ya alama za vidole nayo imeamka vibaya. Kijana wako anaifuta kwa ncha ya shati, ananiambia nijaribu kidole kingine, nikanawe, nisinawe sana, sasa kimeloa, nikifute kwenye suruali, mwishowe taarifa zangu hazisomani. Rudi kesho. Kesho ni Ijumaa, na Ijumaa, kama mlinzi anavyotufahamisha kwa huruma, hapasainiwi.

Mheshimiwa, wewe na mimi ni watu wa fani moja. Ukutani kwako kuna cheti cha uhasibu, kimening'inia juu ya Mkataba wa Huduma kwa Mteja ambao umefunikwa na kalenda. Fani yetu ina somo moja lililobeba mengine yote: shilingi ya leo haiwi sawa na shilingi ya kesho. Tulifundishwa mwaka wa kwanza, saa mbili asubuhi, tumbo tupu, kwa sababu bumu, hiyo fedha yetu ya kujikimu, la kununulia uji lilikuwa kwako likingoja hiyo kesho. Sisi wa Tabora tuna ahueni kidogo. Mama hufunga matobolwa ya viazi kwenye kiroba, unayatafuna makavu usiku huku ukikokotoa mtiririko wa fedha wa kampuni ambayo haipo.

Naomba niwasilishe zoezi moja. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Siku 60 ni 600,000. Benki Kuu ilipoanza kutangaza riba yake Januari 2024 iliiweka asilimia 5.5. Kwa riba hiyo ya kiungwana, ukinicheleweshea 600,000 kwa siku 30 unanipotezea shilingi 2,712. Sahani ya wali maharage. Hiyo nakusamehe.

Ila Benki Kuu hainikopeshi mimi. Anayetukopesha ni yule wa kausha damu aliye nyuma ya hosteli, anayeshika kadi ya benki na kitambulisho kama dhamana. Akitaka asilimia 20 kwa mwezi, laki mbili za leo ni 240,000 mwezi ukiisha, na ukichelewa mwezi mwingine ni 288,000. Wachumi Modigliani na Miller waliandika mwaka 1958 kwamba katika soko lisilo na kasoro, thamani ya kampuni haibadiliki, iwe inajiendesha kwa mkopo au kwa mtaji wa wenyewe. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Tulilijibu vizuri, wale tulioruhusiwa kuingia.

Hapo kwenye kuruhusiwa naomba niweke adabu pembeni kidogo. Mwenye deni la ada haingii ukumbini. Ada hiyo inalipwa na mkopo, mkopo unasubiri saini yangu, saini yangu inasubiri mashine yako. Yaani chuo kinanifungia mlango kwa sababu chuo hakijajilipa. Binti mmoja wa darasa letu, aliyekuwa akituzidi wote kwa hesabu, alihama hosteli akaenda kukaa kwa mwanaume mwenye chumba na chakula. Mkamwita kwenye kamati ya maadili. Kamati ilikaa kwa wakati, na posho ya kikao ikalipwa siku hiyohiyo. Sijui huwa mnalalaje.

Samahani, Mheshimiwa. Turudi kwenye maombi.

Ombi langu kuu limetokana na mji niliozaliwa, Tabora. Misafara ikitoka Bagamoyo ilifika kwetu Unyanyembe, hapo ikagawanyika: wa Ujiji magharibi, wa Karagwe na Buganda kaskazini. Mwaka 1871 msafiri Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi akaingia Tabora mwezi Juni. Miezi mitatu, kilomita 800 hivi, matope, homa, na Ugogo nzima analipa hongo. Fedha yangu ikitoka kwa mhasibu ghorofa ya pili kuja dirishani kwako chini, inatumia muda uleule. Nikasema, bwana huyu wala hana tatizo la mtandao. Amekosa wapagazi tu.

Wapagazi ninao. Wazee wetu wa Kinyamwezi waliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote, na Kanyenye haijawahi kukosa vijana wenye mabega. Napendekeza hivi. Kirangozi atangulie na bendera ya chuo, manyoya kichwani, mpiga ngoma nyuma yake, ili katibu muhtasi wa ghorofa ya kwanza asikie na kutafuta ufunguo mapema. Kila mpagazi abebe frasila mbili za bumu, kama walivyobeba pembe na merikani. Noti zikipungua, jazieni shanga nyekundu. Mama lishe wa hosteli tutaelewana naye. Safari ianze alfajiri kabla jua halijawa kali, na kambi ya kwanza ipigwe kwenye kona ya ngazi, pale penye ndoo na mabrashi ya usafi. Wapike ugali, walale. Asiamshwe mtu, maana huo ni mwendo mrefu, sote tunajua.

Siku ya pili wavuke korido ya wahasibu. Hiyo ndiyo Ugogo yetu: maji hakuna, na kila mlango una mtemi wake anayetaka heshima yake kabla hajakupitisha. Kiongozi wa msafara awe na doti kadhaa za kaniki kwa kazi hiyo, na stakabadhi zitolewe. Ikitokea Ofisi ya Usajili imefunga njia, kama mtemi Mirambo alivyowafungia Waarabu wa Tabora mwaka uleule wa 1871, tusingoje amani. Stanley alizungukia kusini na kabla mwaka haujaisha alikuwa Ujiji. Sisi tutashuka kwa ngazi za dharura. Mkikaribia dirisha, bunduki zipigwe hewani kama ilivyokuwa desturi ya msafara unaoingia mjini, wasichana wapige vigelegele, na majina yaitwe chini ya mwembe, yote, bila awamu. Na kama wewe ni Mzaramo mambo yatakuwa mepesi zaidi, kwa sababu sisi ni watani tangu enzi za misafara hiyohiyo, na yote niliyoyasema humu ni halali yangu.

Kuna sharti moja tu. Mpagazi hakuondoka pwani mikono mitupu. Alipewa sehemu ya ujira kwanza, na posho yake, kibaba cha nafaka kwa siku, ilihesabiwa njia nzima. Ikikosekana aliweka mzigo chini na kutokomea porini, msafara ukakwama, na mwenye mali akajua kwa nini. Hiyo ni karne ya 19, hakuna mashine, hakuna Mkataba wa Huduma ukutani. Leo mimi mwenye akaunti ya benki, namba ya NIDA na vidole kumi nalishwa na jirani wa chumba ambaye naye hajasaini. Mkoloni na mfanyabiashara wa pembe walikuwa na mengi ya kujibu, lakini walijua kwamba mtu aliyebeba mzigo lazima ale.

Maombi mengine ni madogo. Kiti kimoja dirishani, hata kibovu. Majina yabandikwe juu ya usawa wa goti. Wenye majina ya W, Y na Z tuanze sisi, hata mara moja kabla ya kuhitimu. Kalenda iliyofunika Mkataba iwe walau ya mwaka huu. Yule paka wa ofisini apewe mamlaka ya kugonga muhuri, kwa kuwa yeye huwa yupo.

Wala usidhani nataka kukimbia deni. Mama yangu anauza karanga sokoni. Akikopa debe Jumatatu, Ijumaa analipa, na amenilea hivyo. Nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wangu itakatwa kila mwezi kabla sijaugusa. Siku hiyo mtandao hautakuwa chini. Mkato hautakuwa kwenye awamu. Hakuna mhasibu atakayeambiwa kidole changu hakisomi, na Ijumaa itakuwa siku ya kazi kama nyingine. Kwa hiyo utaratibu upo, Mheshimiwa, una nguvu na unaijua tarehe. Umefundishwa kwenda upande mmoja tu, wa kutoka kwetu.

Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Wapagazi nimeshazungumza nao, wanasubiri malipo ya awali. Ukiona gharama ni kubwa, basi yabandike majina yote siku fedha inapoingia, fungua dirisha saa mbili asubuhi kama tangazo lako mwenyewe linavyosema, na mtu ambaye kidole chake hakisomi mpe kalamu asaini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi, Shahada ya Fedha, Mwaka wa Tatu