Sketi ya Safari, Saizi 38

Ukitaka gazeti la mitindo la Kijerumani la miaka ya 1970, usijisumbue kwenda Ujerumani. Nenda Ukunda. Wageni wa Diani huja na mabegi yaliyojaa na hurudi na mabegi yaliyojaa vinyago, na kila kilichotolewa kupisha vinyago huishia kwenye meza za mitumba kando ya barabara. Hapo ndipo nilipomkuta yule mwanamke jaladani, amesimama kwenye stesheni ya treni, mkoba mkononi, sketi nyembamba imemshika kwa heshima hadi chini kidogo ya magoti. Ndani ya gazeti mlikuwa na karatasi ya kukatia.

Nami nilikuwa na harusi Tanga. Sisi Wadigo mpaka wa Lunga Lunga umetupita katikati, kwa hiyo haupiti mwaka bila shangazi wa upande wa pili kuoza mtoto. Gazeti lilikuwa na sketi ya safari, mimi nina safari. Nikalipa.

Karatasi yenyewe ukiikunjua unapata kizunguzungu. Nguo zote za gazeti zima zimechorwa juu ya nyingine, mistari myekundu, myeusi, ya nukta, ya vistari, kama wavu wa mvuvi uliokanyagwa na ng'ombe. Maelezo ni ya Kijerumani, lakini hilo halikututisha, maana Diani haikosi wakalimani. Kijana wa jirani yetu huuza safari za mashua ufukoni na Kijerumani anakimwaga. Kumbe Kijerumani cha ufukoni kina ngamia, pomboo, bei ya rafiki na kesho asubuhi. Mambo ya mshono hakina. Akausoma ukurasa kwa sauti, lafudhi safi kabisa, kisha akatafsiri: "Hapa anasema ni sketi nzuri sana."

"Aya yote hiyo?"

"Huku chini anakazia."

Fundi wangu amekaa na cherehani yake ya miguu kwenye baraza ya duka moja pale Msambweni. Ni hodari, na kama ilivyo ada ya mafundi hodari, hutaja saa bila kutaja siku. "Njoo baada ya Alasiri, mwalimu." Unakwenda baada ya Alasiri, naye anakutazama kwa huruma, kwa kuwa Alasiri aliyoikusudia bado haijafika.

Nilimpelekea doti ya leso kutoka Mtaa wa Biashara, Mombasa, jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kwa mtu anayekwenda kula pilau ya watu, niliona hiyo ni adabu tupu. Leso moja ya sketi, ya pili ibaki leso.

Akaigeuza karatasi huku na huku, akaona 38, akaridhika. "Nyonga thelathini na nane. Ndiyo wewe, mwalimu." Thelathini na nane ya Wajerumani ni namba ya saizi tu, si inchi wala si sentimita, lakini ikatokea kwamba kweli ndiyo mimi, basi hakuna aliyebishana. Kisha akauliza ule mshale ni wa nini. Mshale hufuata urefu wa jora, na leso huchapwa ikilala kwa urefu huo huo. Tungemtii Mjerumani, jina lingesimama wima kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, na wa kulisoma ingembidi alale ubavu. "Leso haisimamishwi," fundi akasema, akaizungusha karatasi. Katika hilo nilimuunga mkono na bado namuunga.

Hapo akaanza kunihubiria. Bibi zake, Waduruma wa Kinango, walivaa hando, marinda juu ya marinda, nguo nyeupe yadi kwa yadi, na hakuna aliyewachorea mstari. Ana haki kuliko anavyojua. Ile nguo iliyoitwa marekani ilishushwa Zanzibar katika miaka ya 1830 na 1840 na merikebu za Salem, Massachusetts. Na ni huko huko Massachusetts, mwaka 1863, ambako fundi Ebenezer Butterick alianza kuuza karatasi za kukatia zenye saizi mbalimbali. Yaani nguo ilitangulia, karatasi ikafuata, na pwani haikuisubiri.

Basi akakata. Leso ina kama mita moja na nusu kwenda upande, na mita moja na kitu kwenda juu. Kipande cha mbele na cha nyuma vinakaa ubavu kwa ubavu, pindo chini, bila kubanana. Mkasi ukapita katikati. Na jina la leso, kama kila mtu wa pwani ajuavyo, huandikwa katikati.

Kwanza, sketi ilikataa kufunga. Ile aya ya Kijerumani iliyokuwa "inakazia" ilikuwa inaonya kwamba karatasi haina nafasi ya mshono, kila mkataji ajiongezee. Nusu inchi kila ukingo, kingo nne: inchi mbili za nyonga zangu zilibaki nje zikitafuta pa kukaa. Zipu ilipanda kwa bismillahi.

Pili, nyuma, juu tu ya mpasuo, kwa herufi kubwa: MGENI NJOO. Mwenyeji hayupo, kupona hakupo, ni mwaliko mtupu. Mbele, mshono wa ubavuni ulikuwa umemeza herufi moja: WENYEJI APONE. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wangu hukatwa alama kwa kosa hilo.

"Fundi, hii nyuma..."

"Inasomeka vizuri, mwalimu."

Na harusi ni kesho yake.

Yule mwanamke wa stesheni, nina hakika, hakuwahi kupanda boda. Nilikaa upande, magoti yamefungwa pamoja, nikafika steji nimeshikilia shati la kijana wa watu kwa mikono miwili. Basi la Tanga lilipofika kutoka Mombasa na kusimama, ngazi yake ya kwanza ilikuwa kimo ambacho sketi ilikataa katakata. Nikageuka, nikajiketisha kwenye ngazi, nikapanda kinyumenyume huku kondakta akinivuta. Abiria wa mbele waliona mwaliko kabla ya kuona uso. Mzee mmoja akaitikia, "Tumefika."

Pale Horohoro unatoka Kenya na kuingia Tanzania katika jengo moja. Nilipomaliza na afisa wa kwetu nikamgeukia wa pili, nikasikia kicheko kikizuiliwa nyuma yangu. Wa Tanzania hakucheka. Aliisoma sketi mbele, akaisoma tena, akagonga muhuri. "Wapone, dada," akasema kwa upole. "Wenyeji wapone. Karibu Tanzania."

Kutoka hapo nikajifunga ile leso ya pili juu ya sketi hadi Tanga. Shangazi alinifungua sebuleni mbele ya wanawake wote, waone mishono ya Kenya. Akanizunguka, akasoma nyuma, akasoma mbele. Hakusema kitu. Akaingia chumbani, akatoka na leso mpya, NYANI HAONI KUNDULE, akaikunja katikati na kuipima kwa jicho.

"Hii ni zawadi ya wifi yangu. Mwambie fundi wako NYANI ije mbele."

"Na vipimo vyake, shangazi?"

"Mkatie hiyo hiyo thelathini na nane. Imbane."