Mheshimiwa, ile pesa tuitume namba ipi?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,
Dodoma.

YAH: OMBI LA NAMBA YA KUMBUKUMBU KWA WANAORIPOTI MATAPELI WA SIMU

Shikamoo Mheshimiwa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako adhimu, muda ambao pengine ulikuwa umetengewa uzinduzi wa mnara. Pili, natanguliza pongezi za dhati kwa namba 15040. Mwananchi akipokea ule ujumbe maarufu, "Ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litakuja...", anausambaza huko bure, anaulizwa namba iliyomtumia, anaiandika, wajibu wake kwa taifa umekwisha. Ni utaratibu mzuri mno, na aliyeubuni bila shaka ana simu janja.

Jirani yangu, mama muuza vitumbua, ana kitochi. Akishausambaza ujumbe na kuulizwa namba, inambidi arudi nyuma kuitafuta, aiandike kwa kalamu kwenye kiganja chenye mafuta, ndipo aanze kubonyeza tarakimu 10 huku mteja akidai chenji. Mara nyingi namba huishia hapo kiganjani. Majuzi aliandikiwa na "mwenye nyumba wako", akielekezwa kodi ya mwezi huu aitume kwenye namba ya mke wake. Nyumba anayoishi mama huyu kaachiwa na marehemu baba yake.

Mheshimiwa, sisi ni watu watiifu. Mliposema laini zisajiliwe kwa alama za vidole, tulipanga foleni NIDA kutafuta kitambulisho cha taifa, tukapanga tena kwa wakala, na Januari 20, 2020 muda ulipoisha, waliochelewa wakaanza kuzimiwa. Kwa akili yangu ndogo, basi, nyuma ya kila ujumbe wa kitapeli kuna kidole. Swali, nalileta kwa kunong'ona, ni kidole cha nani. Yule kijana wa chini ya mwavuli aliyetuambia "haijasoma, bonyeza tena", kisha tena, alikuwa anasajili laini ngapi? Wapo waliopiga *106# wakakuta laini wasizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Kwa heshima na taadhima nakusihi nawe uipige, leo kabla ya chakula cha mchana.

Najua kazi inafanyika. Takwimu za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hututajia mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai, na Rukwa na Morogoro zimeshika nafasi za juu mara kwa mara. Tunashukuru kwa somo la jiografia. Lakini aliyeripoti haulizi habari za mkoa. Anataka kujua kama ile namba aliyohangaika nayo imefungwa, au bado inamwandikia shangazi yake. Ukiibiwa kuku na ukaenda polisi, unaondoka na RB. Kuku huenda asirudi, ila kesho una cha kushika unapokwenda kuulizia.

Kwa upande wa barua pepe sitakuchosha. TZ-CERT ipo na hupokea taarifa za matukio ya usalama wa mtandao. Nenda lakini kamuulize kijana aliyeandikiwa kwamba kapata ajira Canada, alipie tu kwanza ada ya viza, kama anaijua. Naye angefaidika na anwani fupi, inayotangazwa redioni hadi watoto waiimbe.

Ombi langu ni dogo, hata halistahili kufika mezani kwako. Anayeripoti apewe namba ya kumbukumbu papo hapo. Uchunguzi ukikamilika, atumiwe mstari mmoja: namba imefungwa, au haijafungwa kwa sababu hii. Na wenye kitochi wawekewe njia ya kuripoti kwa kupiga simu na kuongea na binadamu.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mmiliki wa laini mbili (kwa mujibu wa *106#)