Siri Yangu Nisiyoruhusiwa Kuijua

Hapa Iguhu, ukitaka kujua mshahara wako umebaki shilingi ngapi, usijisumbue kwenda benki. Muulize mama chai wa ofisini kwetu. Juzi aliniwekea kikombe, akaniinamia kwa huruma: "Baba, mwezi huu achana na mandazi. Makato ni mengi." Mama huyu hana kompyuta, hana hata meza. Ana birika na masikio.

Basi wakubwa wameamua tujenge utamaduni wa faragha. Akaletwa mtaalamu kutoka Kakamega mjini, na projekta yake. Akatupitisha kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, akafika pale inaposema data ikivuja, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Saa 72! Neno likitoka masjala saa nne asubuhi, saa saba liko Khayega linakula ugali.

Wakubwa walisinzia hadi alipotaja faini. Mwaka 2023 baa moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuanika picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Hapo macho yakafunguka. Kesho yake masjala ikatiwa kufuli, kuta zikabandikwa karatasi za SIRI, nasi tukapewa paswadi ndefu isiyoshikika kichwani. Yangu nimeiona ubaoni, karibu na orodha ya michango ya matanga, ili mtu asisahau.

Getini hakujabadilika kitu. Soja ana kitabu: jina, namba ya kitambulisho, simu, unamwona nani, shida gani. Kinalala wazi juu ya kigoda, na hakuna mgeni anayeandika kabla ya kusoma waliomtangulia. Mmoja aliandika "kudai deni" mbele ya jina la bosi. Siku hiyo foleni ya wageni haikusogea.

Mimi nilitaka kitu kidogo tu: kuona faili langu, nihesabu siku zangu za likizo. Nikamwendea karani.

"Hilo ni siri, mzee."

"Siri ya nani?"

"Yako."

"Basi nipe."

"Siwezi. Ni siri."

Nikamkumbusha kwamba kifungu cha 26 cha sheria ile ile kinampa mtu haki ya kuona data yake mwenyewe. Akanitazama kama niliyeomba funguo za sefu. Mlangoni, fundi aliyekuja kurekebisha kufuli akadakia kwamba nimebakiza siku kumi na moja, ila zile za mazishi ya shemeji wamezikata.

Nimeambiwa niandike barua rasmi, niifunge kwenye bahasha, nipige muhuri. Nimefanya hivyo. Majibu bado, ila soja anasema aya ya pili imekaa kwa ukali, niipunguze.