Muulize Shangazi: Nimesinzia, Posa Imekwama

Shikamoo Shangazi. Mchumba wangu alinikalisha nitazame Dilwale Dulhania Le Jayenge, eti ndiyo picha bora ya mapenzi na vichekesho tangu dunia iumbwe. Zaidi ya saa tatu! Sikucheka, sikulia, picha ilipofika Punjab nikasinzia. Nilipozinduka nikauliza: huyu baba alisubiri nini hadi treni ing'oke ndipo amwachie binti mkono? Tangu siku hiyo kanuna, na barua ya posa haijaletwa. Nina kasoro? – Mkavu wa Macho, Bombambili, Songea

Marahaba mwanangu. Kasoro huna. Ni kweli picha hiyo ya 1995 ilizoa tuzo 10 za Filmfare, mojawapo ya uchekeshaji, na jumba la Maratha Mandir kule Mumbai likaionyesha miaka nenda rudi. Lakini tuzo haimtekenyi mtu.

Hebu tumpime steringi kwa mizani ya Songea. Raj anajipenyeza kwenye shughuli ya harusi ya mwenzake, anakula, anacheza, anajifanya rafiki wa bwana harusi. Mama wa binti anampa vito, anamwambia mchukue mkimbie. Anakataa, anataka ridhaa ya baba. Wazee hapo hupiga makofi: kijana ana adabu! Adabu gani, na baba huyo huyo anamdanganya asubuhi hadi jioni? Huku kwetu angetuma mshenga, akatajiwa mahari, picha ikaisha kabla chai haijapoa. Na treni tungeitoa wapi? Stesheni yetu ya karibu ni Makambako, ya TAZARA, kilomita karibu 300. Anayetoroka na mpenzi Songea hupanda basi la alfajiri, na konda hashiki mkono wa mtu kabla hajaona tiketi.

Sasa muulize mchumba aliiona wapi mara ya kwanza. Mimi nahisi ni kibanda cha video, angali mtoto, kabanwa kwenye benchi, mkanda umetafsiriwa kwa Kiswahili. Watafsiri wa enzi za Lufufu, bingwa wa kazi hiyo, hawakuishia kutafsiri. Walitia utani wao, walimsuta adui, walimwonya steringi. Anachokililia mwenzio ni ile sauti, na vicheko vya benchi zima. Wewe umepewa Kihindi kitupu kwenye simu, maandishi ya Kiingereza yanakimbia chini. Hiyo si picha aliyoiona yeye.

Mwambie azime sauti, akutafsirie mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Akikuchekesha, huyo ni mume.

Shangazi, mchumba wangu kasinzia kwenye picha ninayoipenda kuliko zote, kisha akaniuliza swali la treni. Barua ya posa ninayo mfukoni, wiki ya tatu sasa. Nifanyeje? – Nimeumia, Mfaranyaki

Baba, bahasha inachakaa hiyo. Soma barua ya juu, kisha umpigie simu. Na lile swali la treni ukilipatia jibu, uniletee na mimi.