Namna ya Kuipinga Dola kwa Kopo Moja la Rangi

Umeamua kuwa mwanaanarkia, yaani mtu anayeamini kwamba watu wanaweza kuendesha mambo yao bila serikali wala bosi wa kuwasimamia. Hongera. Vitabu vya itikadi hii ni vinene, na mwandishi wake Proudhon peke yake anaweza kukumalizia mwaka, kwa hiyo tuanze na kilicho chepesi: alama.

Ya kwanza ni A ndani ya duara. Ichore mbiombio, na miguu ya A itokeze nje ya duara ili mpita njia ajue ulikuwa na hasira. Usimwambie mtu kwamba ilianza kama pendekezo la maandishi. Aprili 1964, kikundi cha vijana jijini Paris, Tomás Ibáñez akiwa miongoni mwao, kilieleza katika jarida lake dogo haja ya kuwa na alama moja ya wanaanarkia wote: iwe rahisi kuchorwa ukutani, iokoe muda, na isiwe mali ya kikundi chochote. Hoja hizo hata mhasibu wa halmashauri angezipitisha. Pendekezo lenyewe lilipata bahati ya mapendekezo mengi: lilikaa. Ni vijana wa Milano walipoichukua alama hiyo miaka michache baadaye ndipo ikaanza kutembea, na baada ya maandamano ya vijana ya 1968 ikawa haizuiliki.

Ukiulizwa maana ya duara, jibu kwamba ni O ya neno la Kifaransa lenye maana ya utaratibu, kwa kuwa Proudhon aliandika mwaka 1840 kwamba jamii hutafuta utaratibu wake ndani ya anarkia. Jibu hili linapendeza sana mbele ya wageni. Vijana wa 1964 walikuwa wakiwaza kuta zaidi kuliko Proudhon, lakini wageni hawatakuuliza hilo.

Kama huna nafasi ya kukimbizana na mgambo, vaa fulana. Bendi ya Crass ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1977, ndiyo iliyoipandisha A hiyo kwenye jukwaa la panki, na kutoka jukwaani hadi dukani si mbali. Alama isiyo na mwenyewe haina wa kumshtaki mwuza fulana. Ukiipata kwenye mtumba ni bora zaidi, maana tajiri alishakula faida yake kabla yako.

Kinyago cha Guy Fawkes, chenye tabasamu na sharubu zilizochongoka, kiache. Fawkes mwenyewe alikamatwa mwaka 1605 akilinda baruti chini ya Bunge la Uingereza, lakini yeye na wenzake hawakuwa na neno na kiti cha enzi. Walitaka tu akikalie Mkatoliki. Sura ya kinyago ilichorwa na David Lloyd kwa ajili ya hadithi ya picha aliyoitunga Alan Moore, na baada ya filamu ya hadithi hiyo ya 2006 haki za sura hiyo zilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa ya filamu ya Marekani. Kila ulipouziwa kinyago halali, senti ilikwenda huko. Ukishindwa kabisa kujizuia, nunua cha bandia.

Paka mweusi anafaa, ila kwa tahadhari. Anayehusishwa zaidi na mchoro wake ni Ralph Chaplin wa IWW, muungano wa wafanyakazi ulioanzishwa Chicago mwaka 1905. Mgongo umepinda, kucha ziko nje: ni onyo kwa mwajiri kwamba mgomo baridi umeingia kiwandani. Kwetu usimbandike mlangoni. Mwenye nyumba atadhani ni mambo mengine, na utahama kabla mwajiri hajaogopa.

Sasa bendera. Vifaa ni kitambaa cheusi na mpini wa ufagio. Ndivyo alivyotumia Louise Michel mjini Paris tarehe 9 Machi 1883, wasio na kazi walipokusanyika karibu na Les Invalides na polisi wakawatawanya. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, na alishaonja uhamisho Kaledonia Mpya kwa kushiriki uasi wa Komuni ya Paris wa 1871. Aliongoza msafara, na njiani watu wakaingia kwenye maduka ya mikate wakachukua mikate. Mbele ya mahakama alieleza kwamba nyeusi ni bendera ya migomo na ya wenye njaa. Akapewa miaka 6. Mwenzake Émile Pouget akapewa 8. Hiyo ndiyo bei ya kitambaa, mbali na ufagio.

Nyeusi tupu ikikuchosha, ongeza rangi ya pili kwa mshazari: nyekundu kama CNT, muungano wa wafanyakazi wa Hispania, kijani kwa wapenda mazingira, zambarau kwa watetezi wa wanawake. Watu wasiotaka mipaka wamegawana rangi vizuri ajabu.

Na ukibeba bendera hiyo, ibebe kwa adabu zake. Mwanaanarkia Kropotkin wa Urusi alipozikwa Moscow tarehe 13 Februari 1921, maelfu walimsindikiza kwa bendera nyeusi, na serikali ya Wabolsheviki iliwaachia wanaanarkia wachache waliokuwa gerezani wahudhurie, kwa ahadi ya mdomo tu kwamba watarudi. Walizika, wakarudi gerezani. Nawe ukiwahi kupewa ruhusa ya namna hiyo, usichelewe.