Luku Moja, Kaya Tano

Nyumba tunayopanga Tabata ina kaya tano na luku moja. Kila mwanzo wa mwezi tunachanga, na kila mwezi umeme unaisha kabla ya mwezi. Uniti zikikaribia kwisha luku inalia pale ukutani, korido nzima inasikia, na hakuna mlango unaofunguka. Baba Neema anaongeza sauti ya redio. Wale vijana wawili wa chumba cha mwisho wananyamaza kama hawapo. Mwisho anayetoka na simu mkononi, akiingiza zile tarakimu 20 za tokeni moja moja, ni Mama Zuhura. Anauza barafu na juisi ya ukwaju, na friza lake haliwezi kulala gizani.

Mtoto wa kaka yangu anasoma uchumi chuo kikuu na usiku analala sebuleni kwetu. Ndiye aliyetuambia kwamba kisa chetu kimo kwenye nadharia ya michezo, elimu iliyopata msingi wake mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walipotoa kitabu chao kikubwa. Inachunguza mtu anavyoamua pale ambapo matokeo yake yanategemea na wengine wataamua nini.

“Shangazi, hapa hakuna mwenye roho mbaya,” aliniambia. “Kila mtu amepiga hesabu yake, na hesabu yake ni sahihi.”

Akachukua kalamu. Tuseme umeme wa usiku mmoja una thamani ya shilingi 20,000 kwako, na kuununua ni shilingi 5,000. Akinunua yeyote, wote mnapata. Mkiwa wawili, kila mmoja akipima kama atoke au asubiri, uwezekano wa kulala gizani ni kama 6 katika 100. Mkiwa watano unapanda hadi karibu 18 katika 100, kwa sababu kila mmoja anawategemea wenzake wanne. Andreas Diekmann aliionyesha hesabu hiyo mwaka 1985. Kuhusu Mama Zuhura, Mancur Olson alishaandika mwaka 1965: kwenye jambo la pamoja, mwenye cha kupoteza zaidi ndiye anayeishia kulipa, na wadogo wanamwegemea.

Hesabu ile ilinigusa. Kwa muda mrefu nyumba hii iliishi kwa kusemana, huyu bahili, yule mjanja, maneno yanapita chini ya milango. Kumbe ukiwaondoa watu wote watano ukaleta wengine watano wema kabisa, utaratibu ukabaki uleule, luku italia vilevile na milango itabaki imefungwa.

Kisha Mama Zuhura akaitwa msibani Tanga. Aliacha friza limejaa changu na kolekole, oda ya watu wa mtaa wa pili waliokuwa na arobaini. Luku ilianza kulia magharibi. Tokeni angeweza kuinunua hata akiwa Tanga na kututumia namba, lakini hakuna aliyempigia. Kila mtu alidhani mwenzake ameshampigia. Usiku wa manane nyumba ikazimika. Kulipokucha watu wakatoka kwenda kazini, wakarudi jioni, kukawa bado giza, na friza limeanza kuvuja maji mekundu hadi koridoni.

Aliporudi hakupiga kelele. Alikalia kigoda uani, akatoa samaki mmoja mmoja na kuwatia kwenye ndoo mbele yetu sote, mashavu yao yamegeuka kijivu, magamba yakimganda mikononi. Nzi walishajaa. Alipomaliza akasema, “Nilikwenda kuzika Tanga, kumbe na huku niliacha maiti.” Akaingia ndani na kufunga mlango. Wenye oda yao wakaja kudai fedha zao jioni ileile.

Kijana wetu akaona sasa ni wakati wa elimu yake kufanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaalika wataalamu walete programu za kompyuta zishindane katika mchezo ambao kila upande unaweza kushirikiana au kusaliti, raundi baada ya raundi. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea raundi iliyopita. Ikashinda na mashindano ya pili. Basi kijana wetu akaleta daftari. Kila kaya na tarehe yake ya kununua. Asiyenunua hadi jioni, swichi ya chumba chake inashushwa siku nzima.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa. Watu walinunua hata kabla luku haijalia, na nilifurahi kuona nyumba imetulia. Halafu Baba Neema akatuma fedha akakosea tarakimu moja ya namba. Fedha zikaenda kwa mtu asiyejulikana, daftari likaonyesha hajalipa, swichi ikashushwa wakati mke wake anapiga pasi sare za watoto. Alionyesha ujumbe kwenye simu, akaambiwa sheria ni sheria. Bomba la maji liko mlangoni kwake. Asubuhi tukalikuta limefungwa kwa kufuli. Mama Zuhura akakataa kuwauzia barafu watoto wa Baba Neema, na Mama Neema akaanika nguo zake kamba nzima. Watoto waliokuwa wakicheza rede pamoja wakaanza kupitana kimya.

Wataalamu wanaujua ugonjwa huu. Programu ya Rapoport ina udhaifu mmoja: likitokea kosa la bahati mbaya, pande mbili zinazolipizana haziachi tena. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba penye makosa, anayesamehe mara mojamoja anafika mbali kuliko anayelipiza kila mara. Ukurasa huo kijana wetu aliusoma kufuli likiwa tayari bombani.

Aliyelifungua ni Bibi, mwenye nyumba wetu. Alitandika mkeka uani baada ya alasiri, akaita kaya zote, akamkalisha Baba Neema kulia kwake na Mama Zuhura kushoto. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Barafu ya friza hili wananunua watoto wa nani?” Wa wote. Basi samaki wale ni hasara ya wote. Baba Neema alisema hawezi kulipia samaki ambao hakuwala. Bibi akamjibu, “Baba, usiku ule ulisikia luku?” Palikuwa na ukimya mrefu, kisha akasema atatoa. Walibishana hadi adhana ya magharibi, na makubaliano yakapatikana: kila kaya inachangia mtaji wa samaki, Mama Zuhura, kwa ajili ya friza, analipa mafungu mawili, zamu zinapigiwa kura, anayesafiri anamkabidhi jirani. Anayekosa mara ya kwanza anagongewa mlango na kuulizwa kuna nini. Mara ya pili anaitwa mkekani. Swichi ni mara ya tatu.

Bibi hajawahi kusikia habari za Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Lakini katika kitabu chake cha 1990 Ostrom alieleza jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa kutunga sheria zenyewe, na adhabu inayoanza ndogo. Wavuvi wa Alanya, Uturuki, walikuwa wakipiga kura kugawana maeneo ya kuvulia, kisha wakihama kwa zamu ili kila mmoja apate siku yake ya samaki wengi. Na Waorma wa Kenya, walipochezeshwa na watafiti mchezo wa kuchangia fungu la pamoja, waliutambua mara moja kuwa ni harambee, wakatoa kwa moyo. Watu wanaamua kwa kuangalia wanadhani wako kwenye jambo gani. Sisi tulikuwa tumedhani tuko kwenye kuviziana.

Sasa mmoja wa vijana wa chumba cha mwisho amehama, na aliyeingia amekuja na jiko la umeme la sahani mbili. Mama Zuhura anasema jiko hilo linakula kuliko friza, kwa hiyo kijana alipe mafungu matatu. Kijana anasema anapika usiku tu, na yuko tayari kuandika uniti kabla na baada ya kupika ili kila mtu aone. Mimi naona hoja yake ina uzito. Kikao ni Jumapili.