Unaongea na Nani?

Tangu Jumapili watoto wa Buyenzi, Bujumbura, wananisindikiza hadi dukani wakiimba tititi-taa. Wakubwa zao wananiita jasusi.

Kisa ni waya wa antena ya redio, wa mita 10. Nilifunga jiwe kwenye mshipi wa kuvulia, nikalirusha juu ya mwembe ili mshipi uvute waya. Likapita mwembe, likapita ukuta, likatua kwenye bati la jirani saa nane mchana, watu wamelala. Mama wa pale hakuuliza nani karusha: aliufuata mshipi tu, mpaka mlangoni kwangu. Nyuma yake, nyumbakumi, mzee wa nyumba zetu kumi.

"Mwanangu, hii ni nini?"

Mwingine angesema kamba ya nguo. Mimi nikamweleza mzee kwamba ukigawa 300 kwa megahezi unapata urefu wa wimbi kwa mita: megahezi 14 ni mita 21 na ushei, na karibu nusu yake ndiyo waya huu. Kwamba katikati ya waya mkondo ni mwingi na volti ni chache, ndiyo maana antena ya dipole hulishwa katikati. Lakini dipole iliyonyooka inataka miti miwili, na ua wetu una mwembe mmoja. Kwamba nchani mambo hugeuka: mkondo karibu haupo, volti zimepanda, ukinzani unapita omu 2,000, wakati redio inataka 50. Basi unazungusha waya kwenye pete ya feraiti, mara 2 upande wa redio, mara 14 upande wa antena. Uwiano ni saba, na saba mara saba ni 49: ukinzani unashuka mara 49. Pete ndogo, inaenea kiganjani! Nikamwekea aishike.

"Ila ile ncha usiiguse, mzee. Wati ni 5 tu, lakini pale volti zinapita 100."

Akarudi nyuma.

"Sasa unaongea na nani?"

"Yeyote atakayejibu."

Hapa Bujumbura, jibu hilo ni baya kuliko kumtaja mtu.

"Washa tusikie."

Siku zote redio ilikuwa ikivuma tu. Siku hiyo akatokea mtu, safi kabisa, kwa Morse.

"Anasema nini?"

"Anataja alama yake ya wito."

"Na kwa nini asiseme kama watu?"

Nikatoa kibali changu cha redio. Akatazama muhuri, kisha akaitazama tena ile ncha.

Antena nyingine nilizojaribu hazikudumu. Dipole kwa shemeji, mtaa wa Kinindo: wakaanika mashuka. Fimbo ya kuvulia, wima, ufukweni: kiboko akatoka ziwani, nikamwachia uwanja.

Lakini linaloniuma ni hili. Wageni huja na masanduku ya antena, wakapiga kambi, wakaita kwa 9U, alama ya Burundi, na dunia ikapanga foleni kwa kuwa nchi hii haisikiki mara nyingi hewani. Kisha hao, wamekwenda. Mlingoti wao ni mchezo. Waya wangu ni kesi. Sababu naijua: Mei 2015, siku za jaribio la mapinduzi, redio binafsi za mji huu zilishambuliwa, zikafungwa, na chochote chenye harufu ya mawimbi sasa hutazamwa mara mbili. Naijua, na bado najiuliza kwa nini aliyezaliwa hapa ndiye anayedaiwa maelezo.

Nyumbakumi ameamua: waya upande asubuhi, ushuke kabla ya magharibi. Nami nilikuwa nimeshanunua mwingine wa mita 20, wa megahezi 7. Megahezi 7 huanza kufika mbali jua likishazama.